Gari la Mkwe na Uwanja Uliofagiwa

Mtanguliza taarifa hukuta uwanja umefagiwa.

Mmeyasikia maneno hayo asubuhi ya leo kinywani mwa shangazi yenu, alipokataa katakata kuwapigia simu wazazi wa kijana anayemposa dada yenu. Alisema atakwenda kwao siku wasiyomtarajia, akiwa na kikapu chake mkononi kama mtu aliyepotea njia ya sokoni. Mlipomwuliza sababu, akawajibu kwa methali hiyo na kuingia ndani. Mkacheka. Sasa mmekuja kwangu mkitaka kujua uwanja huo ulikuwa wa nani, na nani aliyeufagia. Kaeni basi. Mwanzo wa methali hii ulikuwa hivi.

Katika milima ya Usambara, upande wa juu wa Soni, aliishi mzee mmoja aliyeitwa Yeremia Shechambo. Alikuwa amestaafu kazi ya ubwana afya. Kwa miaka mingi alikuwa akipita vijijini kukagua visima, majiko na vyoo, na popote alipokwenda alihakikisha kwanza kwamba mwenyekiti wa kijiji amearifiwa. Hakupenda kumkuta mtu bila kujiandaa. Aliona kwamba kumwingilia mtu nyumbani kwake bila kumwarifu ni kumvua nguo mbele za watu. Wanawe aliwafundisha hivyo hivyo, na zaidi ya wote binti yake wa pekee, Tabea. "Mwanangu," alizoea kumwambia, "mtu mstaarabu hutanguliza sauti, kisha miguu ikafuata. Anayetanguliza miguu ni mwizi."

Mkewe, Mama Tabea, alikuwa na maradhi ya moyo. Daktari wa hospitali ya bondeni alimtaka ashuke kila mwezi apimwe, akaongeza sharti moja: mgonjwa asitikiswe. Sharti hilo lilikuwa rahisi kwa daktari kulitamka, kwa kuwa hakuwahi kushuka mteremko ule katika basi linalokimbizana na makorongo, wala hakuwahi kubebwa na pikipiki juu ya mawe ya njia ya kwa Shechambo. Kila safari Mama Tabea alirudi akiwa mgonjwa zaidi kuliko alivyokwenda. Ndipo Mzee Yeremia alipoamua kwamba kiinua mgongo chake, badala ya kujenga vyumba vya kupangisha kama wenzake walivyofanya, kitanunua gari.

Alilifikiri jambo hilo kwa utaratibu wake. Gari dogo la chini lingekwama kwenye tope la masika kabla ya kufika mlangoni. Gari kubwa la mizigo lingemtikisa mgonjwa kama maharage kwenye ungo. Gari jipya halikuwa la watu wa kima chake. Lililofaa lilikuwa moja ya yale magari mafupi yaliyoinuka kidogo, ambayo matajiri hupenda kuyatumia mijini: yana springi laini, viti vya ngozi na milango inayofungwa kwa sauti ndogo kama kitabu. Angetafuta lililokwisha kutumika, lakini lenye injini ya kuaminika. Neno hilo, kuaminika, alilirudia mara nyingi. Mkewe akawa anamtania, "Baba Tabea, unatafuta gari au mchumba?"

Habari hazikawii milimani. Zilimfikia Mzee Mntangi, mfanyabiashara wa mbao aliyeishi ng'ambo ya pili ya bonde, baba wa kijana aliyemwoa Tabea. Kijana mwenyewe alifanya kazi Dar es Salaam, na Tabea alibaki kwa wakwe zake akilea mtoto mchanga. Mzee Mntangi alikuwa na gari la namna ile ile, jeusi, lenye kioo cha paa kinachofunguka. Likipita Soni, watu waliacha kupima viazi wakalitazama.

"Mkwe," alisema kwa simu, "nimesikia unataka kwenda kununua gari kwa watu usiowajua. Langu unalionaje? Mimi nimekwisha kuzeeka, nataka lenye bodi la kubebea mbao. Njoo ulitazame."

Mzee Yeremia alishukuru Mungu. Aliona kwamba gari la yadi halina baba wala mama, lakini gari la mkwe lina ukoo.

Alituma taarifa kwamba atafika Jumamosi, saa nne. Jumamosi, saa nne, alifika. Uwanja wa Mzee Mntangi ulikuwa umefagiwa, na mistari ya fagio ikaonekana juu ya udongo kama mawimbi madogo. Kuku alikuwa chunguni. Gari liliegeshwa kando ya ukuta, limeoshwa mpaka matairi yanang'aa. Mzee Yeremia aliweka kiganja juu ya boneti, akalikuta na joto la kupendeza, kama ubavu wa ng'ombe aliyetoka malishoni.

"Nimetoka nalo Soni sasa hivi," alisema Mzee Mntangi. "Liwashe mwenyewe, mkwe, ulisikie."

Akaliwasha. Halikukohoa wala kutetemeka. Ilibidi atazame mshale wa injini ndipo aamini kwamba limewaka.

Alirudi tena juma la pili, baada ya kutoa taarifa, akalikuta na joto vilevile. Mara ya tatu alikwenda na mkewe. Walizungushwa mpaka kwenye kanisa na kurudi, nao ukawa mwendo mfupi, na Mama Tabea akasinzia katika kiti cha mbele. Alipozinduka alisema, "Humu hata mimi ninaweza kupona." Mzee Yeremia aligeuza uso ili machozi yake yasionekane.

Lipo jambo moja alilotaka kulifanya na hakulifanya. Alitaka kufungua boneti. Vijana wa Soni walikuwa wamemshauri alifungue, atazame maji na mafuta, aende na fundi. Lakini ninyi mnajua heshima ya mkwe. Utakuwa umekula kuku wake, umekalia kiti chake chenye kitambaa cha kufuma, kisha usimame uanze kupekua? Kufunua boneti la mkwe ni kama kufunua sufuria lake jikoni. Akakiacha kiganja chake juu ya lile joto, akaridhika.

Siku hiyo ya tatu, Tabea aliwasindikiza wazazi wake hadi njia panda. Alitembea mtoto akiwa mgongoni. Walipokaribia kuagana alisema, akitazama chini:

"Baba, siku moja si uje tu?"

"Nije tu vipi?"

"Upite. Kama unatoka shambani. Asubuhi na mapema, upitie chai."

"Bila taarifa? Kwa mkwe?"

"Ndiyo, baba. Siku moja tu."

Mzee Yeremia alisimama. "Tabea, nilikulea wapi mimi? Unataka baba yako aingie kwa watu kama mbuzi aliyekata kamba? Nisisikie tena neno hilo."

"Basi, baba," alisema Tabea, akawapa mkono.

Walipokuwa wakipanda kilima, Mama Tabea alipumzika juu ya jiwe. "Mtoto ana neno," alisema.

"Ana neno gani? Amechoka tu. Hukuona uwanja ule alivyoufagia?"

"Nimeuona. Amefagia mpaka mizizi ya miti imetoka nje. Ndiyo maana nasema ana neno."

Lakini Mzee Yeremia alikuwa amekwisha kuamua. Ilipangwa kwamba Alhamisi ifuatayo, saa nne, wazee wa pande zote mbili wakutane uwanjani kwa Mzee Mntangi, wapeane mikono na kukabidhiana gari. Jumatano jioni alipiga pasi koti lake la kustaafia, akalitundika mlangoni.

Alhamisi hiyo koti halikuvaliwa.

Kulipoanza kupambazuka, Mama Tabea aliketi ghafla kitandani na kushika ukingo wa meza. Pumzi yake ilikuwa inaingia kwa sauti ya maji yanayochemka, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Hakuweza kusema. Mzee Yeremia alimwita jirani amshikilie, akachukua simu na kumpigia mkwe wake. Oneni mtu wa taratibu: hata saa hiyo alitaka kutanguliza taarifa. Simu iliita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Ikaita, ikanyamaza. Akaitupa kitandani na kushika njia, kandambili miguuni, akakata katikati ya mashamba ya maharage yaliyolowa umande.

Alipovuka kijito alisikia sauti asiyoielewa. Ilikuwa kama ya watu wengi wanaotwanga katika kinu kimoja bila kupokezana. Akadhani ni mashine ya kusaga. Alipopanda kidogo aliona moshi mweupe, mzito, ukipanda juu ya wigo wa Mzee Mntangi na kufunika migomba. Nyumba ya mkwe inaungua, na mwanawe yumo ndani!

"Moto!" alipiga kelele. "Moto jamani!"

Akasukuma lango, akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuingia uwanjani kwa mtu bila kubisha hodi.

Nyumba haikuwa inaungua.

Uwanja ulikuwa umefagiwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa na majani makavu, mavi ya kuku na maganda ya ndizi, na mpakani palilala fagio, kama mtu aliyeangushwa na usingizi kazini. Gari jeusi lilikuwa katikati, boneti wazi, likitikisika mwili mzima kama mgonjwa wa homa ya baridi. Kinu kile kilikuwa ndani yake. Moshi ulitoka nyuma kwa mafungu. Na nyuma ya gari, akiwa amevaa fulana ya ndani na kaptula ya kulalia, Mzee Mntangi, mzee wa kanisa, mkwe wake mheshimiwa, alikuwa ameshika ungo kwa mikono miwili akiupepea moshi ule uelekee kwenye migomba, usiende upande wa barabara.

Mzee Yeremia alitazama kwenye usukani. Aliyekuwa amekanyaga mafuta, akiinamisha kichwa na kufumba macho kwa sababu ya moshi, alikuwa Tabea.

Hakuna aliyemwona kwanza. Alisimama pale, kinywa wazi, na kwa kitambo kidogo hata jambo lililomleta lilimtoka kichwani. Alijaribu kuyaunganisha macho yake na akili yake, vikakataa kuungana. Hili ndilo gari lililonguruma kama paka? Huu ndio uwanja? Kiganja chake cha kulia, kile alichokuwa akikiweka juu ya boneti, kilianza kumwasha kana kwamba kimeshika upupu. Lile joto! Alikuwa ameletewa joto kama mgeni anavyoletewa maji ya kuoga.

Tabea alifumbua macho.

"Baba!"

Ungo ulisimama hewani. Mzee Mntangi aligeuka, na uso wake ukawa wa mtu aliyekutwa bafuni.

"Mkwe," alisema. "Mkwe, si tulisema saa nne?"

Sauti ile ilimrudishia Mzee Yeremia fahamu zake. "Mke wangu," alisema, akihema. "Mama Tabea. Hapumui. Midomo imebadilika rangi. Nimepiga simu hamkusikia. Nisaidie gari, mkwe. Tutayasema mengine baadaye. Nisaidie gari."

Na hapo likatokea la kushangaza zaidi. Kinu kilikuwa kimeanza kupungua makali. Moshi ulikuwa umekuwa mwembamba. Gari lilitikisika mara mbili tatu, likatulia, likaanza kunguruma taratibu, kama mlevi aliyesikia hatua za mchungaji. Lilikuwa limepata joto, na likipitishwa Soni asubuhi hiyo lingebaki nalo hadi saa nne. Lilikuwa tena lile gari la Jumamosi.

Mzee Mntangi alilitazama, akamtazama mkwe wake. Akaweka ungo chini, akafunga boneti.

"Tabea, shuka," alisema. "Nitaendesha mwenyewe. Twende tukamchukue mama yako."

Tabea alizima gari. Akachomoa ufunguo, akashuka na kuushika kifuani.

"Mama yangu hapandi humu."

"Umesemaje?"

"Hapandi, baba mkwe."

"Lete ufunguo, Tabea! Nani mkubwa katika nyumba hii?"

"Ni wewe."

Mzee Yeremia, kwa mazoea ya miaka yote, naye akamgombeza. "Mpe baba mkwe wako ufunguo! Husikii? Mama yako anakufa!"

"Ndiyo maana simpi, baba!" Tabea alikuwa akilia sasa, na machozi yake hayakuwa ya moshi. "Hili halifiki Mombo kule bondeni. Likianza mteremko linachemsha. Likichemsha linazima. Na likizima njiani, usukani unakuwa mgumu kama mti na breki hazishiki. Mwezi wa pili lilituzimikia juu ya kona, mimi na mwanangu tukiwa kiti cha nyuma. Kama si rundo la kokoto la watu wa barabara, baba, leo ungekuwa unapalilia makaburi yetu. Mwulize! Yuko hapa, mwulize!"

Mzee Yeremia alimgeukia mkwe wake. Alitaka akane. Naapa alitamani kwa moyo wake wote mtu yule akane, amwambie kwamba binti huyu amechanganyikiwa.

"Mkwe, ni kweli?"

Mzee Mntangi alitazama fagio lililolala mpakani.

"Ni kweli," alisema.

Hakuna aliyepata nafasi ya kusema zaidi. Kutoka barabarani ilisikika honi ya lori la kabichi linaloshuka kila alfajiri kuelekea soko la bondeni. Tabea aliruka lango kama msichana, akasimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili. Dereva wa lori alikanyaga breki, akatoa kichwa nje ili atukane, akaona uso wake, akameza tusi.

Lori lilizunguka hadi kwa Shechambo, na Mama Tabea akapandishwa nyuma yake, akaketishwa wima juu ya magunia, mgongo wake ukiegemea kifua cha binti yake, kwa kuwa akilazwa alikosa pumzi. Mtoto aliachwa kwa bibi yake, mke wa Mzee Mntangi. Mzee Mntangi alipanda pia, bado akiwa na kaptula ya kulalia, akiwa amebeba blanketi la kitandani kwake. Alimfunika mgonjwa, akaenda kukaa pembeni kabisa, karibu na turubai.

"Shikeni vizuri, wazee!" dereva aliita. "Mama, kabichi zangu hizo ni laini kuliko godoro. Nitakupeleka kama yai."

Na kweli alimpeleka kama yai. Walishuka kona baada ya kona, injini ikiguna kwa gia ndogo. Walipopita rundo la kokoto, Tabea alilionyesha kwa kidevu. Mzee Yeremia alilitazama. Upande wa pili wa kokoto zile hakukuwa na kitu. Kulikuwa na hewa, na mbali chini, vilele vya miti. Alishika ubao wa lori. Alimwona mkewe katika kiti cha ngozi, amesinzia, akisema kwamba humu hata yeye anaweza kupona.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza binti yake kwa sauti ya chini.

"Nilikuambia uje bila taarifa."

"Hilo ndilo kuniambia?"

"Baba, ni wewe uliyenifundisha kwamba mke hatoi nje mambo ya ndani. Ningesema nini kingine? Nilikuwa nafagia uwanja na kukuombea uje kabla sijamaliza kufagia."

Ndipo Mzee Mntangi alipozungumza kutoka kwenye pembe yake, akilitazama turubai.

"Mimi nililinunua mjini. Kila nilipotaka kwenda kulitazama nilimpigia mwenye gari simu kwanza. Kila nilipofika lilikuwa na joto. Aliniambia ametoka nalo sokoni sasa hivi."

"Maneno hayo hayo," alisema Mzee Yeremia.

"Hayo hayo. Nilipoligundua, niliona aibu watu wa Soni wajue nimepumbazwa. Nikaamua aibu hii niisogeze mbele."

"Kwangu?"

"Nikimwuzia mgeni, atarudi kunigombeza," alisema Mzee Mntangi. "Mkwe hagombezwi."

Wanangu, nimeyasikia mengi katika maisha yangu, lakini sijasikia sentensi fupi yenye baridi kama hiyo. Dereva, aliyekuwa na dirisha wazi mgongoni mwake, alipiga mluzi wa mshangao. Mzee Yeremia alikaa kana kwamba amepigwa kofi na mtu asiyeonekana. Ile heshima aliyoilinda maisha yake yote, mwenzake alikuwa ameigeuza shimo la kumtegea. Na aliyelichimba shimo hilo kwa taarifa zake za Jumamosi, saa nne, alikuwa yeye mwenyewe.

Kisha mawazo yake yakaenda mahali pa ajabu. Yakaenda kwenye vyoo. Aliviona vyote vilivyopita katika miaka yake ya kazi, kijiji hadi kijiji, vimepakwa chokaa, vina majivu, vina maji ya kunawa mlangoni. Na kila mwaka, baada ya yeye kuondoka, kipindupindu kilivikumba vijiji vile vile, naye akaandika kwamba sababu yake haijulikani.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti.

Mama Tabea alikuwa amefumbua macho. Alikuwa amesikia yote. Moyo ulikuwa unaumwa, lakini masikio hayakuwa na ugonjwa.

"Baba Tabea," alinong'ona, "vile vyoo ulivyokuwa ukikagua..."

"Usiseme, mke wangu. Pumzika."

"Vilikuwa safi?"

"Vyote," alijibu mumewe, akiinamisha kichwa. "Vyote vilikuwa safi."

Kicheko kidogo kilimtoka mgonjwa, kikakatwa na kikohozi. Tabea alimwinua kifuani. Alipopata pumzi alisema polepole, akipumzika kati ya neno na neno, maneno ambayo leo yanasemwa hata na watu wasioijua Soni:

"Mtanguliza taarifa... hukuta uwanja... umefagiwa."

Alifika hospitalini akiwa hai. Walimtoa maji mapafuni, wakamlaza, na baada ya kitambo akarudi nyumbani, dhaifu lakini na ulimi wake wote.

Mzee Mntangi hakuliuza gari lile. Alilifumua likawa vipuri, na kila aliyekuja kununua kiti au taa alielezwa habari yake mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo adhabu aliyojichagulia. Tabea aliogopa kwamba atarudishwa kwao kwa kuaibisha nyumba. Haikuwa hivyo. Siku moja mapema sana, Mzee Mntangi alitokea kwa Mzee Yeremia bila simu wala salamu, akamkuta amevaa suruali iliyotatuka gotini, anakimbiza kuku. Kisha Mzee Yeremia akasema, "Karibu chai, mkwe. Mkate hakuna." Hivyo ndivyo walivyopatana.

Gari hata hivyo bado lilihitajika. Mzee Yeremia alisikia kwamba mwalimu mkuu mmoja wa Korogwe, mwanamke mjane, anauza la kwake. Lilikuwa la namna ile ile, lakini rangi yake ilikuwa imechujuka na kiti chake kimoja kilikuwa na mchubuko wa paka. Alishuka na lori la kabichi, akiwa amekaa na fundi kando yake, akafika asubuhi na mapema. Hakupiga simu. Miguu ilimwia mizito langoni. Mazoea ya mtu hayafi kwa somo moja. Alibisha hodi, akaingia.

Mwalimu alikuwa na mswaki mdomoni na khanga ya kulalia. Uwanja ulikuwa na majani. Gari lilikuwa chini ya kibanda, na juu ya boneti alilala paka. Mzee Yeremia alimwomba radhi paka, akamwondoa, akaweka kiganja pale pembeni ambapo paka hakufika. Palikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Liwashe, tafadhali, mwalimu."

Lilishika mara moja. Halikutetemeka. Moshi uliotoka ulikuwa mwembamba kama pumzi ya mtu asubuhi ya kipupwe, ukapotea. Kisha Mzee Yeremia, mbele ya mwenye mali, alifunua boneti kwa mikono yake mwenyewe, akamwita fundi, wakatazama kila walichotaka kutazama, mpaka jua likapanda.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuona haya. "Mzee wangu," alisema, "mbona hukunipigia simu? Ningelisafisha hili gari. Ningefagia hata hapa mlangoni, mgeni unanikuta katika takataka hizi!"

"Usiudhike, mama," alijibu Mzee Yeremia. "Takataka hizi ndizo nilizozifuata."

Gari hilo ndilo lililomshusha na kumpandisha Mama Tabea kila mwezi, akisinzia kiti cha mbele, mpaka uzee ulipomchukua kwa wakati wake, kitandani kwake.

Sasa inukeni, nimemaliza. Lakini msimcheke tena shangazi yenu. Ninyi mnamwita Mama Elia, na huyo Elia, aliyewazidi ninyi nyote kimo, ndiye mtoto aliyekuwa kiti cha nyuma siku gari lilipozimika juu ya kona. Jina alilopewa Mama Elia na wazazi wake ni Tabea. Yeye ndiye aliyelishika fagio lile. Anajua jinsi uwanja unavyoweza kufagiwa ukapendeza, na anajua kilichokuwa kikipashwa moto kabla mgeni hajafika. Mwacheni aende kwa wazazi wa kijana akiwa na kikapu chake, asubuhi na mapema, wakati majani hayajaokotwa. Kama nyumba yao ni njema, itakuwa njema hata na majani yake.

Kwa maana mtanguliza taarifa hukuta uwanja umefagiwa.